Nyuki seremala weusi na wa manjano kwenye fishabodi: ni spishi moja au tofauti?

Mbaazi_Masasi

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada wa wanaojua wadudu, na mafundi wa mbao pia mkipita hapa.

Kuna nyuki wakubwa, wengine wanawaita bunzi, wanatoboa fishabodi ya nyumba, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Mbao ni msindano, inchi 1 kwa 8, haijapakwa rangi, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Tundu ni duara kamili, kidole kidogo kinaingia, na chini yake unakuta unga mweupe wa mbao umejikusanya. Kwa macho naona wa namna tatu:

– weusi wenye mikanda miwili ya manjano mgongoni;
– wa manjano ya kijani mwili mzima kama kifaranga, wanaelea hewani mbele ya mtu na kumkabili, ila hawatui kwenye mbao;
– weusi ti, wakubwa kuliko wote, ubavuni wana nywele nyeupe.

Ninachotaka kujua: je, hizi ni spishi tatu? Wanaingia wapi kwenye mpangilio wa kitaalamu, maana sehemu moja nimesoma familia ni Anthophoridae, kwingine Apidae. Na la mwisho, wataachaje mbao bila kuuawa? Hao hao ndio wanaoonekana kwenye mbaazi na kwenye pesheni, kwa hiyo sumu siitaki. Picha nimeziweka chini.

Mabawa_Mikindani

Mkuu, picha zako zimetoka vizuri. Ulio nao ni spishi mbili, si tatu. Wa mikanda na wa manjano ni jike na dume wa spishi moja, *Xylocopa caffra*. Yule mkubwa mwenye nywele nyeupe ubavuni ni jike wa *Xylocopa nigrita*; dume lake ni la kahawia ya kutu mwili mzima, na ukiliona mara ya kwanza utadhani ni spishi ya nne.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa nyuki hawa rangi ya nywele hutenganisha jinsia kabla ya kutenganisha spishi. Kwa hiyo anza kila mara kwa kujua ni dume au jike, ndipo uulize spishi. Hesabu pingili za kipapasio: jike ana 12, dume 13. Kama vipapasio vimevunjika, hesabu pingili za tumbo zinazoonekana kwa juu: jike 6, dume 7. Mwiba anao jike tu. Wale wa manjano wanaokukabili hewani ni madume wanaolinda eneo wakisubiri majike, na hata ukimshika mkononi hana cha kukudungia. Jike anadunga, lakini mpaka umbane au uweke kidole kwenye tundu lake.

Kuhusu mpangilio, kutoka juu kushuka chini: oda ni Hymenoptera, pamoja na nyigu na sisimizi, familia Apidae, nusufamilia Xylocopinae, kabila Xylocopini, jenasi *Xylocopa*, nusujenasi *Koptortosoma*, spishi *caffra*. Linnaeus alimwandika mwaka 1767 kwa jina *Apis caffra*, kwa sababu wakati ule nyuki wengi waliwekwa kapu moja la *Apis*. Latreille akaanzisha jenasi *Xylocopa* mwaka 1802, spishi ikahamia humo. Ndiyo maana utaona imeandikwa *Xylocopa caffra* (Linnaeus, 1767): mabano yanayozunguka jina la mtu na mwaka yanakuambia kwamba spishi haiko tena kwenye jenasi aliyoiweka yeye. Ukiondoa mabano hayo kwenye lebo umebadilisha maana, si mapambo. *Xylocopa nigrita* naye ana mabano, (Fabricius, 1775), kwa sababu hiyo hiyo.

Anthophoridae uliyoisoma si uongo, ni ya zamani. Familia hiyo ilikuwa inabeba nyuki seremala na jamaa zao wengi. Mwaka 1993 Roig-Alsina na Michener walilinganisha maumbo ya nyuki wenye ulimi mrefu, wakubwa na lava (watoto wa nyuki wanaofanana na funza), ikaonekana Anthophoridae haisimami kama ukoo mmoja, ikaingizwa ndani ya Apidae. Maandishi ya kabla ya hapo, na mengine ya baadaye yaliyonakili ya zamani, bado yanaitumia. Wewe tumia Apidae.

Kwa hiyo nyuki seremala na nyuki wa asali wako familia moja. Nyuki wa asali, ambaye huku pwani yetu ni *Apis mellifera litorea*, yuko nusufamilia ya Apinae, seremala yuko Xylocopinae. Mtu akisema "nyuki wapweke" kana kwamba ni familia, msahihishe kwa upole. Upweke ni namna ya kuishi, na nyuki wapweke wamo katika familia zote za nyuki. Hata huyu seremala upweke wake haujakamilika: vijana wakishatoka kwenye vyumba vyao hukaa tundu moja na mama kwa muda, mama akiwaletea chavua, na mara nyingi mmoja hubaki mlangoni analinda.

Angalizo moja kabla hujaandika jina la uhakika. *Koptortosoma* ina spishi nyingine Afrika ambazo majike wake wana mikanda au kifua cha manjano, na mikanda ya *caffra* mwenyewe katika baadhi ya maeneo huwa meupe badala ya manjano. Picha ya mgongo peke yake inatosha kusema "karibu hakika *caffra*". Kwa kazi ya kumbukumbu inatakiwa sampuli.

Fundi_Kenchi

Upande wa mbao nitajibu mimi.

Kwanza elewa anachofanya. Hali mbao. Anazikwangua kwa meno na kutupa unga nje, ndio huo unaouona chini. Tundu linaingia wima sentimita 2 au 3 hivi, kisha linakata kona na kufuata mshipa wa mbao. Ndani anatengeneza vyumba kwa mstari, kila kimoja karibu sentimita 2: anaweka donge la chavua na mbochi, anataga yai moja juu yake, anaziba kwa kisahani cha unga wa mbao uliogandishwa kwa mate, anaanza kingine. Kwa sababu hali mbao, ile dawa inayotiwa mbao dhidi ya mchwa haimzuii kwa uhakika. Inampunguza tu.

Fishabodi ya inchi 1 ndiyo inayoumia kuliko zote. Ubao una unene wa sentimita 2.5, njia yake inachukua zaidi ya sentimita 1, ukuta unaobaki kila upande ni mwembamba, na msumari ukipita hapo ubao unapasuka. Kwenye kenchi ya 2 kwa 6 tundu moja si janga. Kwenye pao la 2 kwa 2 ni tatizo, hasa matundu ya zamani, maana kizazi kinachofuata hakianzi upya, kinarefusha lile lile na kutoa matawi.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Usizibe tundu lenye nyuki. Ukimfungia nje anatoboa jipya pembeni, ukimfungia ndani anatoboa pa kutokea, na sasa una matundu mawili. Jioni weka kipande cha karatasi laini mdomoni mwa tundu bila kukikandamiza. Kikisukumwa nje ndani ya siku mbili tatu, kuna mwenyeji. Kisiposukumwa bado usiwe na haraka, huenda kuna lava waliozibiwa. Kutoka yai hadi mkubwa ni zaidi ya mwezi mmoja, kwa hiyo acha karatasi ikae miezi miwili bila kuguswa ndipo useme pako wazi.

Pakiwa wazi, sukuma ndani waya wa kusugulia sufuria, kipande cha kujaza sentimita 2. Pima tundu, chonga kijiti cha mbao ngumu, mninga au mkongo, kinachobana, paka gundi ya mbao, kigonge kwa nyundo mpaka kizame kidogo, kisha sawazisha kwa msasa. Puti peke yake, udongo au saruji havifai. Puti anaitafuna kama mbao laini, saruji inaachia mbao zikianza kusinyaa wakati wa kiangazi na kipande kinadondoka.

Kisha rangi, na hapa ndipo kinga ilipo hasa. Praima mkono mmoja, rangi ya mafuta mikono miwili, pande zote za ubao pamoja na ukingo wa chini na uso wa nyuma. Wengi wanapaka uso unaoonekana barabarani tu. Nyuki anaingilia nyuma au chini, penye mbao tupu. Asiyeweza rangi, oili chafu inasaidia.

Mabawa_Mikindani

Fundi, yote sawa isipokuwa oili chafu. Juani inaisha ndani ya msimu mmoja, na mvua za Desemba hadi Aprili zinaishusha kwenye udongo. Kama nyumba inavuna maji ya paa kwa mfereji ulioshikiliwa na fishabodi hiyo hiyo, inaweza kufika tangini. Afadhali asubiri apate rangi.

Fundi_Kenchi

Kwenye mfereji wa maji nakubali, isitumike. Kwa nguzo za uzio bado naitetea.

Nimesahau jambo la petroli. Kuna wanaomimina petroli kwenye tundu. Tafadhali msifanye hivyo, hasa nyumba za makuti na za mbao kavu. Mvuke unabaki ndani ya njia kwa saa nyingi, na tundu liko chini ya paa. Unga wa sumu nao unaua aliye mlangoni, waliozibwa nyuma ya visahani wanabaki salama, kisha mizoga inaita sisimizi.

Mbaazi_Masasi

Asanteni sana wakuu. Nimekagua leo na kweli matundu mengi yako uso wa nyuma, kama alivyosema fundi.

Swali la nyongeza. Mmoja mweusi wa mikanda nimemkuta amekufa chini ya ukuta. Kwenye kiungo kati ya kifua na tumbo, ukilitenganisha kidogo, kuna kishimo na ndani yake vijidudu vya rangi ya maji ya chai vinatembea. Jirani ana mizinga ya nyuki wa asali hatua chache kutoka hapa na ameshaingiwa na hofu kuwa ni varoa, wale utitiri wanaoshambulia nyuki wa asali. Ni wao?

Utitiri_Lindi

Mwambie jirani asihofu. Hao si varoa. Kishimo ulichokiona ni mfuko wa kuzaliwa nao, upo kwenye uso wa mbele wa pingili ya kwanza ya tumbo la jike, na utitiri unaokaa humo ni wa jenasi *Dinogamasus*. Mfuko huu ni maumbile ya kawaida ya majike wa *Koptortosoma*, pia wa nusujenasi ya *Mesotrichia*, ambako yupo *Xylocopa flavorufa*, yule mwenye nywele za manjano ya kutu kifuani. Madume hawana mfuko. Utitiri unasafiri na jike hadi kwenye tundu, unashuka kwenye vyumba na kuishi pamoja na lava, kisha unapanda tena kwa majike wapya kabla hawajatoka. Hakuna dalili kwamba unamdhuru nyuki. Huenda hata anafaidika nao, maana amebeba mfuko wa namna hiyo kizazi hadi kizazi.

Varoa, *Varroa destructor*, utamtambua kwa umbo: ni mpana kuliko urefu wake, upana kama milimita 1.5, urefu kama 1.1, wa kahawia nyekundu, bapa, na hushika nyuki wa asali kwa chini ya tumbo au huingia kwenye vyumba vya watoto wa nyuki. Anazaliana kwenye watoto wa nyuki wa asali wa jenasi *Apis* tu. Nyuki seremala hamzalishi na hampeleki mzingani.

Kwa mtu anayejifunza kuainisha, mfuko huu una thamani kubwa. Ukishika jike mkubwa mweusi na hujui pa kuanzia, shusha tumbo kidogo litengane na kifua, mulika kwa tochi, tazama kwa lenzi ya mara 10. Ukiona mdomo wa mfuko, umeshapunguza nusujenasi hadi chache. Utafutie mfuko wenyewe, si utitiri, maana jike kijana anaweza kuwa na mfuko mtupu.

Pesheni_Nachingwea

Niongezee upande wa shamba, kwa sababu swali la "bila kuwaua" lina jibu zuri kuliko rangi peke yake. Wape mahali pengine pa kukaa kabla hujaziba fishabodi, la sivyo wanahamia kwenye kenchi.

Faida yao kwanza. Pesheni ya manjano haijichavushi. Chavua ya ua la mche mmoja haikubaliwi na ua jingine la mche huo huo, kwa hiyo mashina yaliyotokana na vipandikizi vya mama mmoja, hata yakijaza kichanja, hayatashika matunda yenyewe kwa yenyewe. Panda miche ya mbegu kutoka mama tofauti. Ua lake hufunguka mchana, kuanzia saa 6 hivi, na hufunga jioni. Stameni, yaani sehemu zinazotoa chavua, zimening'inia juu, kwa hiyo nyuki mdogo anapita chini anakunywa mbochi bila kugusa kitu. Nyuki wa asali ndiye hasara hasa: anakomba chavua yote mapema, na mgongo wake haufiki kwenye stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua. Seremala mgongo wake unafika. Anaingia, anazunguka, chavua inapakaa juu ya kifua chake, ua linalofuata stigma zinaipokea. Mkishaona pesheni inatoa maua mengi na matunda haba, kaeni kichanjani saa 7 mchana mwone nani anatua. Kama ni nyuki wa asali peke yao, mtachavusha kwa mkono. Pesheni ya zambarau ni habari nyingine, inafunguka alfajiri, inajichavusha, haiwategemei kiasi hicho.

Kwenye nyanya, bilinganya na nyanya chungu kazi yao ni kutetemesha. Chavua ya mimea hii imefungwa ndani ya mirija yenye kitundu nchani. Seremala anaukumbatia mrija, anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, utasikia sauti inapanda ghafla kuwa nyembamba, chavua inamwagika. Nyuki wa asali hawezi hili.

Mbaazi inajichavusha kwa kiasi kikubwa, lakini mdudu mzito akitua kwenye ua analifungua, akahamisha chavua kutoka mche hadi mche. Kwa anayevuna kula na kuuza, hilo ni jema. Kwa anayetunza mbegu safi ya aina moja ni tatizo: mbegu za shamba lililo jirani na aina nyingine zitachanganyika. Mbegu ichukue katikati ya shamba, au funika matawi machache kwa wavu mwembamba kabla maua hayajafunguka.

Sasa makazi. Chukua gogo kavu la mti laini, msufi au tawi la mwembe lililokufa lenyewe lisiloliwa na mchwa, unene wa sentimita 12 hadi 15, urefu wa nusu mita. Lisiwe bichi; mbao mbichi anaziacha, na zikipasuka wakati wa kukauka vyumba vinafunguka. Kwa keekee au drili toboa vitundu vya kuanzia vya milimita 12, kina cha sentimita 3 tu, umbali wa sentimita 10 kati ya kimoja na kingine. Kina kirefu zaidi hakimsaidii, anataka kuchimba mwenyewe. Litundike likiwa limelala, urefu wa mita 1.5 hadi 2 kutoka chini, uso wenye vitundu uelekee mashariki, juu yake kipande cha bati kilichotokeza sentimita 15 mbele. Mvua ikiingia, donge la chavua linaota ukungu na lava anakufa.

Kinachoharibu zaidi huku kwetu ni maji moto. Mnawajua wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkorosho. Kwenye mkorosho ni marafiki, wanamla mbu wa mikorosho (kidudu kinachofyonza utomvu wa mkorosho), kwa hiyo usiwaue. Lakini gogo la nyuki likitundikwa kwenye mkorosho wenye maji moto ni sawa na kuwapelekea chakula. Tundika kwenye nguzo ya pekee, paka grisi nguzo nzima kwa kuizunguka, upana wa sentimita 10, na kata kila tawi au nyasi inayogusa. Jani moja linalogusa nguzo linatosha kuwa daraja. Grisi ikishika vumbi la kiangazi inakuwa njia, irudie kila mwezi.

Na kupulizia dawa: dawa ya wadudu ya mbu wa mikorosho isipigwe maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Piga jioni, jua likikaribia kuzama, upepo ukiwa umetulia. Kichanja cha pesheni kikiwa karibu, subiri maua yafunge.

Dada_Ruangwa

Naomba kuuliza hapa hapa. Kwangu kuna nyuki wadogo, kimo cha nyuki wa asali, wanakata majani ya mbaazi na waridi kwa duara safi kisha wanayabeba na kuingia nayo kwenye mwanzi uliokatwa. Nao ni seremala?

Mabawa_Mikindani

Hapana dada, hao ni wakata majani, jenasi *Megachile*, familia Megachilidae. Kiukoo wako mbali na seremala kuliko seremala alivyo mbali na nyuki wa asali. Alama mbili zitakutosha. Chavua wanabeba kwenye nywele za chini ya tumbo, si miguuni, kwa hiyo ukimwona anaruka na tumbo la manjano kwa chini, ni Megachilidae. Na bawa la mbele, chini ya kile chumba kirefu cha ukingoni, lina vyumba vidogo 2 vilivyofungwa, wakati seremala na nyuki wa asali wana 3.

Majani wanayokata ni ya kutandikia vyumba, mmea haudhuriki. Ukitaka kuwatunza, funga matete au mianzi yenye uwazi wa milimita 5 hadi 10, urefu wa sentimita 15 hadi 20, nyuma pawe na fundo lililoziba. Usikate vifupi. Mama hutaga majike ndani kabisa na madume karibu na mlango, na mrija mfupi utakupa madume watupu.

Mbaazi_Masasi

Nimeelewa vizuri. Yule aliyekufa nimemweka kwenye kikopo. Mabawa, ulisema kumbukumbu ya uhakika inahitaji sampuli. Nimhifadhije? Nina pombe ya hospitali asilimia 70, nimtumbukize?

Mabawa_Mikindani

Usimtumbukize mzima. Nywele zitashikana, zitabadilika rangi, na kwenye *Xylocopa* nywele ndizo zinazosomwa. Ng'oa mguu mmoja wa kati wa upande wa kulia, huo ndio uweke kwenye pombe, na si ya asilimia 70 ila 95 au zaidi. Utatumika kama kuna maabara itakayosoma kipande cha jeni cha COI, herufi 658, ambacho hutumika kulinganisha spishi. Asilimia 70 ina maji mengi, DNA inavunjika polepole.

Mwili mzima weka kwenye friza siku 2 ili kuua utitiri na mayai ya wadudu walaji. Ukimtoa, acha kikopo kimefungwa mpaka joto lifanane na la chumba, la sivyo umande unamlowesha. Kama amekakamaa, mlainishe usiku mmoja kwenye chombo kilichofungwa chenye kitambaa chenye unyevu, bila kumgusisha na kitambaa chenyewe. Pini ya wadudu namba 3 ipite kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa kusomwa. Usitumie pini ya kushonea, inashika kutu na kupasua kifua. Nyoosha mabawa yaonekane vyumba vyake. Tenganisha tumbo kidogo na kifua kabla hajakauka, mfuko wa utitiri uonekane. Jike acha mwiba kama ulivyo. Kwa dume ni tofauti, viungo vya uzazi vivutwe nje kwa sindano akiwa bado laini, maana katika spishi zinazofanana ndivyo vinavyokata shauri.

Lebo iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika au penseli, kwenye karatasi ngumu ya sentimita 1 kwa 2: nchi, mkoa, wilaya, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, jina la aliyemkusanya. Lebo ya pili ya ua au mbao aliyokutwa nayo. Jina la spishi liwe lebo ya tatu, chini kabisa, lenye jina la aliyetambua na mwaka, kwa sababu hilo linaweza kubadilishwa na mtaalamu atakayefuata bila kugusa nyingine mbili. Sampuli bila mahali na tarehe haina kazi, hata jina likiwa sahihi.

Connal Eardley alipoipitia *Xylocopa* ya kusini mwa Afrika mwaka 1983 alitegemea sampuli za makumbusho za namna hii, na kusini mwa Tanzania bado ni eneo ambalo kila kielelezo chenye lebo kamili kina faida. Ukipata jozi ya dume na jike waliotoka tundu moja, waweke pamoja na uandike hivyo kwenye lebo, maana ndio ushahidi bora wa kuunganisha rangi mbili kuwa spishi moja. Ukitaka kumpeleka nje ya nchi, omba kibali kwanza.

Kwa hewa yetu ya pwani ukungu ndio adui. Sanduku lifunge barabara, weka silika jeli ndani na ibadilishe au ikaushe inapogeuka rangi. Kidonge cha nafthalini kichomekwe kwenye kona kwa pini, kisilegee na kugonga mabawa.